Viza ya Masomo Ng'ambo: Mwongozo Kamili, Kuanzia Barua ya Chuo Hadi Dawati la Uhamiaji

Ofisa atakayesoma maombi yako ya viza hakujui, wala hatapata muda wa kukujua. Mbele yake kutakuwa na karatasi: barua ya chuo, taarifa ya benki, vyeti, fomu uliyojaza. Anachotafuta ni kama karatasi hizo zinasema jambo moja. Barua ya chuo ikitaja kozi ya miaka miwili nawe ukaandika mitatu, au mdhamini akidai mshahara ambao hauonekani popote kwenye akaunti yake, maombi yameshaanza kuyumba kabla hujaulizwa swali. Mwanafunzi mwenye alama za juu kabisa anaweza kunyimwa viza kwa sababu tu karatasi zake zinagombana zenyewe kwa zenyewe.

Mifano ya hapa imetoka katika nchi zinazopokea wanafunzi wengi: Marekani, Uingereza, Kanada, Ujerumani, Australia, Ufaransa na China. Ada na viwango vya fedha hubadilika karibu kila mwaka, kwa hiyo kila namba utakayoikuta ilinganishe na tovuti rasmi ya serikali husika siku unayotaka kulipa.

Anza na siku ya kwanza ya masomo, kisha rudi nyuma

Chukua kalenda, tia alama siku masomo yanapoanza, halafu hesabu kurudi nyuma. Ukihesabu kutoka leo kwenda mbele utajiona una muda tele, na hapo ndipo watu wanapochelewa.

Uingereza inakuruhusu kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya kozi kuanza ukiwa nje ya nchi hiyo, na kwa kawaida jibu hutoka ndani ya wiki 3. Marekani inaweza kukupa viza ya F-1, yaani viza yake ya masomo, hadi siku 365 kabla ya masomo, lakini hutaruhusiwa kuingia nchini humo zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20, fomu utakayopewa na chuo. Ujerumani ina shida ya aina yake: uamuzi wenyewe unaweza kuchukua wiki au miezi, na kwenye balozi zenye foleni, kupata miadi tu ni safari nyingine.

Kwa hiyo udahili utafute mwaka mzima kabla. Pasipoti, vyeti na tafsiri ziwe tayari miezi sita kabla. Fedha ziwe zimetulia benki miezi mitatu au minne kabla. Miadi ikamate mara tu chuo kinapokutumia hati ya viza. Ukichelewa, omba chuo kisogeze udahili wako hadi muhula unaofuata. Vyuo vingi hukubali, na ni afadhali hivyo kuliko kupeleka maombi ya kukurupuka ambayo kukataliwa kwake kutabaki kwenye rekodi yako.

Hatua ya 1: Pasipoti na majina yako

Nchi nyingi zinataka pasipoti yenye uhai wa angalau miezi 6 na kurasa tupu. Mimi ningesema uwe na uhai unaofunika mwaka wote wa kwanza, kwa sababu kubadilisha pasipoti ukiwa ugenini, katikati ya mitihani, ni usumbufu usio wa lazima.

Jambo zito zaidi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha sekondari kina matatu, pasipoti imeyapanga kinyume, na herufi moja imepotea njiani. Tandaza nyaraka zako zote mezani uzisome kwa jicho la mtu asiyekujua. Ukiona tofauti, rekebisha mapema kwenye mamlaka iliyotoa hati hiyo. Pale isipowezekana, andaa hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Kisha, katika udahili, benki na fomu ya viza, andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, bila kupunguza wala kuongeza.

Hatua ya 2: Udahili, na hati inayofungua mlango wa viza

Katika nchi nyingi barua ya kusema umekubaliwa haitoshi. Kila nchi ina hati yake maalumu, na bila hiyo maombi hayaanzi.

Marekani hati hiyo ni fomu I-20, na hutolewa na chuo kilichoidhinishwa na serikali kupokea wanafunzi wa kigeni. Uingereza ni CAS, namba ya kielektroniki ambayo chuo hukupa baada ya kutimiza masharti yote, na inakubidi uitumie kuomba viza ndani ya miezi 6. Australia wanaiita CoE, yaani uthibitisho wa kuandikishwa. China hukupa fomu ya JW201 au JW202 pamoja na barua ya udahili. Ujerumani wanataka barua yenyewe ya udahili, yaani Zulassungsbescheid. Waombaji kutoka nchi nyingi, Ufaransa huwapitisha kwanza kwenye mfumo wa Campus France, ambako mpango wao wa masomo huangaliwa kabla hawajafika ubalozini.

Kanada inahitaji uangalifu wa ziada. Chuo lazima kiwe kwenye orodha ya serikali ya taasisi zilizoteuliwa, na tangu Januari 2024 waombaji wengi wanatakiwa kuambatisha barua ya uthibitisho kutoka serikali ya jimbo. Wanaokwenda jimbo la Quebec wana cheti chao kingine, CAQ. Tangu Desemba 2023 kila barua ya udahili huhakikiwa moja kwa moja na chuo kilichoitoa, baada ya kugundulika barua nyingi za kughushi ambazo baadhi ya wanafunzi walikuwa wameuziwa na mawakala bila kujua.

Kuhusu mawakala, basi. Wapo waaminifu, hasa wale ambao chuo chenyewe kimewataja kwenye tovuti yake. Lakini wakala anayekuhakikishia viza anakudanganya, maana hakuna mtu nje ya ubalozi mwenye uwezo huo. Usimpe neno la siri la akaunti yako ya maombi, usimlipe ada ya chuo mkononi, na usikubali atie sahihi kwa niaba yako fomu ambayo hujaisoma. Uongo ukigundulika, anayeadhibiwa ni mwombaji. Kanada hufungia miaka 5, Uingereza inaweza kufungia miaka 10, na Marekani inaweza kukufungia maisha.

Soma pia kama ofa yako ina masharti. Ikisema "ukileta matokeo ya mwisho" au "ukifikisha alama fulani za Kiingereza", hiyo bado ni ahadi. Timiza masharti kwanza ndipo uombe hati ya viza.

Hatua ya 3: Fedha

Hapa ndipo maombi mengi huanguka, na mara nyingi pesa zenyewe zipo. Kinachokosekana ni maelezo yake. Ofisa ana maswali matatu: zinatosha? Ni za nani? Zimetoka wapi?

Kuhusu kutosha, nchi nyingi zimeweka kiwango cha wazi cha gharama za maisha, nje ya ada ya masomo. Ujerumani ni euro 11,904 kwa mwaka, zikiwekwa kwenye akaunti ya zuio iitwayo Sperrkonto. Ukishafika unaruhusiwa kuchota euro 992 tu kila mwezi. Kanada, nje ya Quebec, inataka dola za Kanada 22,895 kwa mwombaji mmoja tangu Septemba 2025, juu ya ada ya mwaka wa kwanza na nauli. Australia inataka dola za Australia 29,710, Ufaransa euro 615 kwa mwezi. Marekani haina kiwango kimoja: namba yako imeandikwa kwenye I-20, na hiyo ndiyo utakayothibitisha.

Uingereza ina hesabu inayowaangusha watu wenye pesa kamili, kwa hiyo nitaifafanua. Tangu Novemba 2025 kiwango ni pauni 1,529 kwa mwezi ukisoma London na pauni 1,171 nje ya London, kwa muda usiozidi miezi 9. Kwa kozi ya mwaka mmoja London hiyo ni pauni 13,761, ukijumlisha ada ya mwaka wa kwanza ambayo bado hujailipa kama inavyoonekana kwenye CAS. Pesa hizo ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hesabu hiyo isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Salio likishuka chini ya kiwango hata kwa siku moja, hesabu inaanza upya. Weka ziada ya kutosha kufidia kupanda na kushuka kwa sarafu, kwa sababu unaweza kuwa na kiasi kamili Jumatatu na ukapungukiwa Ijumaa bila kugusa chochote.

Swali la pili, ni za nani. Kama zako, onyesha akaunti yenye jina lako. Kama za mzazi au mlezi, leta ushahidi wa undugu na barua yake ya kukubali kukulipia, pamoja na taarifa zake za benki. Mjomba, shangazi au rafiki wa familia ni jambo la kuangalia kwa makini: Uingereza, fedha za ndugu zinazokubalika katika utaratibu wa kawaida ni za wazazi au walezi wa kisheria, na mwenzi kwa hali fulani. Marekani ina wigo mpana zaidi, lakini kadiri mdhamini alivyo mbali nawe kiukoo ndivyo utakavyoulizwa kwa nini anabeba mzigo huo. Ufadhili nao uwe na barua inayotaja kiasi, muda na unachogharimia. Kama ufadhili huo unalipa ada tu, chakula na malazi bado ni juu yako kuyathibitisha.

Swali la tatu ndilo gumu. Akaunti iliyokuwa na salio dogo mwaka mzima kisha ikapokea kiasi kikubwa wiki mbili kabla ya maombi inamfanya ofisa aamini kwamba umekopa ili kuonyesha. Kama ni mauzo ya kiwanja, ambatisha mkataba wa mauzo. Kama ni mafao ya kustaafu, leta barua ya mfuko. Kama ni mkopo wa elimu, leta mkataba wa benki na uuseme wazi, maana nchi kadhaa zinaukubali. Mdhamini mfanyabiashara alete usajili wa biashara na hati za kodi, kwa kuwa mapato yasiyo na kodi yanazua maswali mengine. Zile huduma za kukodisha salio kwa mwezi mmoja ziache kabisa. Ofisi za viza huwasiliana na benki.

Hatua ya 4: Barua ya maelezo

Kwa nchi kama Kanada, ambako wengi hawaitwi kwenye usaili, barua hii ndiyo sauti yako pekee. Ukurasa mmoja hadi miwili unatosha. Eleza umesoma nini hadi sasa, kwa nini kozi hii inafuata kutoka hapo, kwa nini chuo hiki, nani analipa, na baada ya masomo utafanya nini.

Sehemu zenye utata zitaje wewe mwenyewe kabla hazijagunduliwa. Umekaa miaka minne bila shule? Sema ulikuwa unafanya kazi gani na uweke barua ya mwajiri. Una shahada ya uhasibu na sasa unaomba diploma ya hoteli? Hilo ni kushuka ngazi na kubadili njia kwa pamoja, na usipolieleza vizuri litakuponza. Uliwahi kunyimwa viza nchi nyingine? Kama fomu inauliza, jibu ukweli, kwa sababu serikali kadhaa hubadilishana taarifa za uhamiaji.

Mistari ya kusifu nchi uendayo kuwa na elimu bora duniani iondoe. Badala yake taja masomo mawili matatu yaliyomo kwenye kozi na jinsi yanavyohusiana na kazi unayoilenga. Kuhusu kurudi nyumbani, usiape viapo, eleza mpango unaoaminika. Fahamu pia kwamba nchi hazifanani katika hili. Australia iliondoa kigezo cha zamani cha "kukaa kwa muda" tarehe 23 Machi 2024, ikaweka kigezo cha mwanafunzi wa kweli, na majibu yake huandikwa ndani ya fomu yenyewe, yasizidi maneno 150 kila moja. Sheria ya Kanada inakubali mtu kuwa na nia ya kusoma sasa na ya kuhamia baadaye, mradi aonyeshe ataondoka kibali kikiisha. Marekani ndiyo kali kuliko zote kwenye jambo hili, kama utakavyoona kwenye usaili.

Hatua ya 5: Afya, bima na tafsiri

Haya hayana falsafa, yana foleni tu. Uingereza inataka cheti cha kipimo cha kifua kikuu kwa wakazi wa nchi zilizoorodheshwa, kutoka kliniki iliyoidhinishwa, na cheti hicho hudumu miezi 6. Kanada na Australia zina madaktari wao walioteuliwa. Cheti cha daktari wako wa kawaida hakitakubaliwa. Bima nayo hutofautiana: Australia inataka bima ya afya ya wanafunzi kwa muda wote wa viza, Ujerumani huendi popote bila bima, na Uingereza hutoza mchango wa afya wa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, unaolipwa wote kwa mkupuo siku ya kuomba. Wengi huusahau kwenye bajeti.

Hati isiyo katika lugha inayokubaliwa na ubalozi ipelekwe kwa mfasiri aliyeidhinishwa. Usijitafsirie mwenyewe hata kama una uwezo.

Hatua ya 6: Fomu, malipo na miadi

Hakikisha uko kwenye tovuti ya serikali. Tovuti za kuiga zipo nyingi na hutoza ada juu ya ada. Jaza fomu ukiwa umetulia, ukiwa na pasipoti na hati ya chuo mkononi, kisha hifadhi nakala ya kila ukurasa, kwa sababu utaulizwa ulichoandika.

Mfuatano wa Marekani ni huu: pokea I-20 uhakiki kila herufi; lipa ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350 kwa viza ya F-1; jaza DS-160, fomu ya maombi ya mtandaoni; lipa ada ya maombi, dola 185; weka miadi; nenda kwenye usaili ukiwa na risiti zote. Ada hizo mbili ni tofauti, na kulipa moja hakufuti nyingine. DS-160 inauliza majina yote unayotumia kwenye mitandao ya kijamii kwa miaka 5 iliyopita, na tangu Juni 2025 waombaji wa viza za masomo wanaagizwa kuacha kurasa zao wazi kwa umma. Usifiche akaunti.

Kwingineko utatuma maombi mtandaoni, ulipe, kisha uende kituo cha kupokea maombi kutoa alama za vidole na picha. Wafanyakazi wa vituo hivyo hupokea tu, hawaamui. Wakikuambia "hii si lazima" nawe unajua orodha rasmi inaitaka, iache ndani.

Hatua ya 7: Usaili

Usaili wa Marekani hufanyika umesimama dirishani na huisha kwa dakika chache. Sheria yao, kifungu cha 214(b), inamtaka ofisa akuhesabu kuwa mhamiaji mpaka umwonyeshe vinginevyo. Kwa hiyo anaanza na mashaka, na hayo si chuki dhidi yako.

Maswali yenyewe ni ya kawaida: Unakwenda kusoma nini? Kwa nini chuo hicho? Uliomba vyuo vingapi? Nani analipa, na anafanya kazi gani? Una ndugu kule? Ukimaliza utafanya nini? Jibu swali lililoulizwa, kwa sentensi mbili tatu, ukaze macho kwa ofisa na si kwenye faili. Karatasi toa ukiombwa. Majibu ya kukariri husikika, na ofisa akiyasikia atakukatiza kwa swali la pembeni kuona kama utajua njia.

Fanya mazoezi na mtu asiyekuonea haya, akuulize hasa kuhusu fedha. Ukishindwa kueleza kipato cha baba yako wakati hati zake umezibeba wewe, ofisa ataona hati si zako. Uingereza nao hupiga usaili kwa video kwa baadhi ya waombaji, na lengo lao kubwa ni kujua kama unaifahamu kozi yako na gharama zake.

Ukinyimwa

Usitume maombi mapya kesho yake. Soma barua ya kukataliwa mstari kwa mstari, kisha uliza kipi kitabadilika safari ijayo. Kama hakuna kitakachobadilika, jibu halitabadilika pia.

Marekani haina rufaa kwa 214(b). Unaomba upya na kulipa ada ya maombi tena. Ukipewa karatasi ya 221(g), bado hujanyimwa moja kwa moja: wanataka hati zaidi au wanakuchunguza. Uingereza inakupa siku 28 kuomba mapitio ya uamuzi, na mapitio hayo hutafuta kosa la ofisa. Kosa lako halitibiki huko. Ujerumani ilifuta pingamizi la bure la ubalozini tarehe 1 Julai 2025, kwa hiyo kilichobaki ni kuomba upya au kwenda mahakamani Berlin ndani ya mwezi mmoja.

Ukishaipata

Usikate tiketi isiyorudishika kabla ya siku hii. Kagua viza papo hapo: jina, namba ya pasipoti, tarehe za kuanza na kuisha, jina la chuo. Kosa la herufi hurekebishwa kwa urahisi kabla ya safari, na kwa tabu baada yake.

Kwenye begi la mkononi weka hati ya chuo, ushahidi wa fedha, anwani ya malazi na bima. Viza inakufikisha mpakani, na ofisa wa uhamiaji wa pale ndiye anayeamua kukuingiza. Atauliza yale yale uliyoulizwa ubalozini, na anategemea majibu yale yale.

Ukifika, kuna saa inayoanza kugonga. Ufaransa lazima uthibitishe viza yako ya muda mrefu mtandaoni ndani ya miezi 3. China, mwenye viza ya X1, yaani ya masomo ya muda mrefu, anaomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Ujerumani unaandikisha anwani ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, kisha unaomba kibali cha ukaazi kabla viza haijaisha. Marekani, ripoti kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni na usipunguze mzigo wa masomo bila idhini yake.

Kazi za muda nazo zina mipaka yake: saa 20 kwa wiki wakati wa muhula kwa wanafunzi wa shahada Uingereza, saa 20 ndani ya chuo Marekani, saa 24 Kanada, saa 48 kwa wiki mbili Australia, siku nzima 140 kwa mwaka Ujerumani. Mwajiri atakayekuomba uongeze zamu moja tu juu ya hapo hatakuwepo siku ya kuhuisha kibali chako, na rekodi ya mshahara itakuwepo.